Vyote ving'aavyo si dhahabu: Msemo wa kale na miamba ya Johannesburg

Waswahili husema vyote ving'aavyo si dhahabu. Waingereza nao wana msemo uo huo: "All that glitters is not gold." Maana yake ni kwamba sura ya kitu isimhadae mtu, kwani kipendezacho macho huenda kisiwe na thamani. Je, msemo huo ulitoka wapi?

Onyo hilo lilikwisha kuandikwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer akalitumia katika karne ya 14. Aliyelieneza zaidi ni William Shakespeare, katika tamthilia ya mwishoni mwa karne ya 16. Humo, mwanamfalme wa Morocco anachagua kasha la dhahabu akitaraji kupata mchumba, lakini ndani anakuta fuvu la kichwa. Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi.

Maneno hayo yana ukweli wa pekee mjini Johannesburg, mji uliozaliwa mwaka 1886 baada ya dhahabu kugunduliwa katika shamba la Langlaagte. Dhahabu ya huko imetawanyika mwambani kwa chembe ndogo mno, ambazo aghalabu hazionekani kwa macho. Kinachometameta ni pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo Waingereza huyaita dhahabu ya wajinga.

Mwaka 1889 machimbo yalifika kwenye tabaka lenye pairaiti nyingi. Zebaki iliyotumika kunasa dhahabu ikashindwa kazi, bei za hisa zikaporomoka, na wengi wakadhani mji umekwisha. Ulinusurika kwa njia ya sayanidi, iliyobuniwa Glasgow mwaka 1887 na kufikishwa Johannesburg mwaka 1890.

Mng'aro wa mji huo uliwavuta vijana wa Msumbiji, Nyasaland na hata kusini mwa Tanganyika. Wengi walirejea makwao na silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe. Julai 2019, Mahakama Kuu mjini Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya randi bilioni 5 hivi. Lakini yanawahusu waliofanya kazi kuanzia Machi 12, 1965. Waliomaliza kazi kabla ya siku hiyo hawamo, wakiwemo wengi wa Watanganyika, ambao uandikishaji wao ulikomeshwa baada ya uhuru wa mwaka 1961.