Kasoro Inayojulikana Ina Tiba

Pikipiki ya Norton Commando ya Uingereza ya mwaka 1972, yenye injini ya Combat ya cc 750, iliongezewa nguvu kupita uwezo wa beringi zake: kwenye mwendo wa kasi krenki ilipinda kidogo, ncha za rola za beringi zikachimba njia zinamobiringika, na beringi zikafa mapema. Kiwanda kikaleta beringi za Superblend, ambazo rola zake zimenenepa kidogo katikati, zikastahimili kupinda huko. Wapo watakaosema chombo kilichozaliwa na ugonjwa hakifai kununuliwa. Hoja hiyo ilimfaa mnunuzi wa 1972. Leo tiba inajulikana, na hatari imebaki kwenye injini ambayo hakuna aliyeifungua kuhakikisha beringi zilibadilishwa. Ndiyo maana kumbukumbu za matengenezo ya pikipiki kuukuu zina uzito zaidi kuliko umri wake.