Barabara ya Sokoine, Dar es Salaam

Barabara ya Sokoine ni njia kuu ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, nchini Tanzania, inayopita kando ya bandari. Imepewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1984.

Jengo lake kongwe ni Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe, na mlango wake wa mbao umenakshiwa kwa mtindo wa Zanzibar. Majid alifariki mwaka 1870, na ujenzi wa mji ukadorora hadi Wajerumani walipouhamishia makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Kikatoliki, lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani kati ya 1897 na 1902. Ni la mtindo wa Kigothi: matao yaliyochongoka, mnara mrefu wenye kilele chembamba, na madirisha ya vioo vya rangi nyuma ya altare. Wasafiri wa boti za Zanzibar huliona mapema wanapoingia bandarini, na hakuna jengo jingine linalostahili zaidi kuwapokea. Maghorofa ya vioo yameuzidi mnara huo kwa urefu, jambo linaloufanya ulinzi wa mandhari yake kuwa wa lazima. Tangu 2016 mabasi ya mwendokasi hupita barabarani hapo kuelekea Kivukoni.