Pango la Amboni lilipopimwa kwa kamba

Sisi tuliokulia Iyula, katikati ya mibuni ya Mbozi, tulianza kuyajua mapango kwa masimulizi. Waliotoka bonde la Songwe walitusimulia Mapango ya Popo: kinyesi cha popo kinachozamisha kifundo cha mguu, harufu inayokata pua, na giza lisilo na mwisho. Nilipofika mwenyewe, mwenyeji wangu, mzee wa rika la baba yangu, alizima tochi makusudi.

"Sikiliza, mwanangu."

Juu yetu mabawa yalichakarisha kama majani makavu ya mgomba.

"Mzee, pango hili lina urefu gani?"

"Nani amelipima?"

Swali lile lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko Tanga. Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, yamo kwenye miamba ya chokaa yenye umri wa miaka ipatayo milioni 150. Yalianza kuhifadhiwa mwaka 1922. Katika miaka ya 1950, Osale Otango na Paulo Hamisi walijificha humo wakisakwa na serikali ya kikoloni. Lakini kilichoyapa jina zaidi ni urefu wake. Watu walisema njia zake zinatokea Mombasa, nyingine Kilimanjaro, na ikasimuliwa kwamba Wazungu fulani walipotelea ndani, mbwa wao peke yake akaonekana huko mlimani.

Mwaka 1994 msafara wa Wajerumani na Waturuki ulichunguza mapango 10 ya Amboni. Kazi ya kupima pango haina miujiza. Mmoja hutangulia na ncha ya futi kamba hadi anapoonekana kwa mwanga wa taa. Mwenzake husoma urefu, huangalia dira, hupima mwinamo wa njia na kuandika, na wa tatu huchora kuta. Kisha wanasogea, wanaanza upya. Pango refu kuliko yote likatoka na mita 900.

Wapo wanaosema kipimo kile kiliharibu hadithi. Sikubaliani nao. Wenye mizimu bado wanaingia Amboni na sadaka zao, na hadithi ya mbwa bado inasimuliwa. Kinachoniuma ni kwamba msafara ulivuka bahari kuja kutuambia urefu wa nyumba yetu wenyewe.

China nako walikuja wageni. Katikati ya miaka ya 1980 wachunguzi wa mapango kutoka Uingereza, wakiongozwa na Andy Eavis, walifungua mlango wa misafara iliyoendelea kwa miongo. Lakini wenyeji hawakukaa pembeni. Katika mji wa Guilin kulikuwa tayari na taasisi ya utafiti wa miamba ya chokaa, iliyoanzishwa mwaka 1976, na Wachina walishika kamba pamoja na wageni. Zhu Xuewen, mtaalamu wa Guilin, ndiye aliyependekeza mashimo makubwa ya nchi yake yaitwe tiankeng, yaani mashimo ya mbinguni, na leo wachunguzi wa mapango duniani kote wanatumia neno hilo la Kichina. Shimo la Xiaozhai lina kina cha mita 662. Ungelining'iniza pango letu la Amboni kutoka ukingoni mwake, karibu robo tatu ingezama humo.

Na sisi wa Afrika Mashariki tumeshaanza kuchangia maneno. Kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walifukua pamoja na wenzao wa Ulaya. Mwaka 2021 walitangaza kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na yaelekea kichwa chake kiliwekewa mto. Kisayansi anajulikana kwa jina la Kiswahili: Mtoto.

Nilirudi Songwe na futi kamba ya fundi ujenzi, ya mita 30. Mzee alishika ncha moja mlangoni mwa pango, mimi nikaingia na nyingine. Popo walinipita masikioni. Kamba ilikaza mkononi kabla sijaona ukuta wa mbele, na nikasikia mzee akipaza sauti kutoka kwenye mwanga:

"Weka alama hapo hapo, nakuja!"