Paa wa Thumuni: Haki ya Mtumishi katika Hadithi ya Sultani Darai

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mojawapo ni ile ya Sultani Darai. Masikini mmoja achakuraye jaani aokota thumuni, amnunua paa. Paa huyo asema kama binadamu. Aokota almasi, aipeleka kwa Sultani wa mbali, amposea bwana wake binti Sultani. Kisha amuua nyoka wa vichwa saba, na nyumba ya nyoka yawa ya bwana. Hatimaye paa augua. Bwana aamuru apewe uji wa mtama, wala kwenda kumtazama hataki. Na afapo, atupwa kisimani. Hoja ya bwana ni moja: paa alinunuliwa kwa thumuni tu.

Tusomapo hadithi hii hapa Juba, yafaa tukumbuke ilisimuliwa lini. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Seyyid Barghash. Miaka hiyohiyo, karibu nasi, Gondokoro ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Mwaka 1869 Khedive Ismail wa Misri alimtuma Samuel Baker kuikomesha biashara hiyo katika Nile Nyeupe, naye akafika Gondokoro mwaka 1871. Basi msikilizaji wa siku zile alijua maana ya kiumbe mwenye akili kupimwa kwa bei.

Hadithi yahukumu namna gani? Paa hadai uungwana. Atakacho ni chakula cha mgonjwa na kujuliwa hali. Hizo ni haki za mtumwa mbele ya bwana mwenye utu, wala hazifiki kwenye uhuru. Huo ndio mpaka wa hadithi. Hata hivyo hukumu yake ni kali: bwana aota yuko jaani, na aamkapo yuko jaani kweli. Kilicholetwa na mtumishi kimeondoka pamoja naye.

Sheria haikufika hapo. Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ilipofutwa Unguja na Pemba, fidia ililipwa kwa mabwana, si kwa watumwa; na masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Serikali ilihesabu thumuni. Hadithi ilihesabu almasi.

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya kufundisha Kiswahili kwetu imezidi, na hadithi hii yafaa darasani. Mwalimu asiishie kuuliza mafunzo yake, kwani jibu la shukrani li wazi. Na aulize hivi: paa aliyeweza kumuua nyoka wa vichwa saba, kwa nini hakumwacha bwana wake? Wanafunzi wakianza kubishana juu ya hilo, wameingia katika historia yenyewe.