Vita Vilivyopiganwa Mbali na Saza

Saza, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, iko kusini magharibi mwa Tanzania. Kagera iko kaskazini magharibi kabisa. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Saza ilikuwa ingali katika wilaya ya Chunya, mkoa wa Mbeya, na mizinga haikusikika huko. Gharama ilifika hata hivyo. Mgambo walikusanywa kutoka mikoani, jeshi likavuka watu 100,000, na baada ya ushindi Rais, Mwalimu Nyerere, akawataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikaisha, dhiki ikabaki. Vita vikilipiwa na nchi nzima, wawakilishi wa nchi nzima wanapaswa kuulizwa. Kazi ni kujua waulizwe lini.

Ndani ya Vita vya Kagera mlikuwa na maamuzi mawili. La kwanza, lililotangazwa Novemba 2, lilikuwa kumtoa adui. Nchi ikishavamiwa, hakuna cha kujadili. La pili lilikuja mwaka 1979, baada ya Mutukula, mpakani upande wa Uganda, kutekwa: kusonga hadi Masaka na Mbarara, kisha Kampala, iliyoanguka Aprili 11. Hapo ardhi yetu ilikwisha kukombolewa. Kuendelea kulikuwa na sababu nzito, kwani Amin angeweza kujipanga upya. Lakini sasa palikuwa na nafasi ya kupima, na mzani ulishikwa na Rais na makamanda wake.

Mabadiliko ya Katiba ya 1984 yaliweka utaratibu: Rais akitangaza hali ya vita, Spika huitisha Bunge ndani ya siku 14 lifikirie kuunga mkono tangazo hilo. Lakini Ibara ya 148 inamruhusu Amiri Jeshi Mkuu kuwaamuru wanajeshi washiriki shughuli anazoona ni lazima, ndani au nje ya nchi. Machi 2008 askari wetu walikwenda Anjouan, Komoro, katika operesheni ya Umoja wa Afrika. Vita havikutangazwa, kwa hiyo siku 14 hazikuwa na pa kuanzia. Sheria imebana pale penye dharura na kulegea pale penye hiari.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huvujisha siri. Ni kweli kwa mipango ya mapigano, ambayo Bunge halina haja nayo. Linachohitaji ni lengo, muda na gharama, tena linaweza kukaa faraghani. Wengine watasema Bunge la chama kimoja lisingempinga Nyerere. Huenda, lakini kulazimika kueleza mwisho wa vita uko wapi kunamdhibiti hata kiongozi asiyepingwa. Pingamizi zito zaidi linatoka Kenya: Katiba ya 2010 inataka kibali cha Bunge kwa kutuma majeshi nje, na bado Oktoba 2011 jeshi liliingia Somalia kabla ya kibali hicho. Hilo linaonyesha kuwa sheria inaweza kupuuzwa, lakini pia iliwapa wabunge msingi wa kuhoji. Mbunge wa Songwe, ambako Saza iko leo, akihoji jambo kama hilo, ataambiwa kwamba Rais yuko ndani ya mamlaka yake, na itakuwa kweli. Kwa hiyo kinachopaswa kubadilika ni Ibara ya 148: ulinzi wa mipaka ubaki kwa amri ya Rais, lakini askari wakivuka mpaka, siku 14 zianze kuhesabiwa, vita viwe vimetangazwa au la.