Sahihi ya Mtungaji Kitabuni na Namna ya Kuipima

Neno sahihi lina maana mbili katika Kiswahili: ni jina ambalo mtu hulitia kwa mkono wake chini ya maandishi, na tena ni jambo lililo kweli. Anayechunguza kitabu kisemwacho kuwa kimetiwa sahihi na mtungaji wake hana kazi nyingine ila kuuliza kama maana ya kwanza yapatana na ya pili. Swali hili lina uzito katika viunga vya Dar es Salaam. Nyumbani kwa wazee wa Magomeni, Kinondoni na Temeke, hasa waliokuwa walimu na makarani, huenda zikapatikana nakala zilizopigwa chapa kabla ya uhuru wa 1961. Mzee akifariki, vitabu huweza kuuzwa, na jina lililoandikwa katika ukurasa wa mbele huongeza bei.

Desturi ya kale haitusaidii sana hapa. Washairi wa pwani walizoea kutaja majina yao katika beti za mwisho, lakini aliyenakili utenzi alilinakili na jina. Hivyo jina lilithibitisha utungo, wala halikuthibitisha mkono. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, yametufikia kwa sehemu kubwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia W. E. Taylor kuyakusanya baadaye katika karne ile ile. Utungo ni wa Muyaka, ingawa mwandiko si wake. Katika kitabu cha chapa mambo ni kinyume: maneno ni yale yale katika kila nakala, na mkono ndio unaoitenga nakala moja na nyingine.

Hata hivyo, shahidi wa kwanza asiwe mwandiko, bali tarehe. Marehemu Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kufikirika kilitoka 1967, na Utubora Mkulima 1968. Kwa hiyo hapana nakala ya chapa ya vitabu hivyo iwezayo kuwa na sahihi yake, hata mwandiko ukifanana namna gani. Kusadikika kilitoka 1951, lakini kimepigwa chapa tena na tena. Yapasa kutazama nyuma ya ukurasa wa jina ili kujua nakala ni ya mwaka gani. Ndivyo ilivyo kwa Sheria za Kutunga Mashairi cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, kilichotoka 1954: mwenyewe alifariki Oktoba 1964.

Jina la kitabu nalo hushuhudia. Tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare ilitoka 1963. Akaisahihisha, ikatoka upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Nakala yenye jina hilo na sahihi ya 1965 yajikanusha yenyewe. Mwalimu alikaa Magomeni kabla ya uhuru, na baadaye Msasani. Si ajabu jirani kudai kwamba alipewa kitabu, lakini ujirani si ushahidi.

Baada ya hayo ndipo mwandiko upimwe, na ulinganishwe na maandishi yasiyo na shaka ya miaka ile ile, maana mkono hubadilika kwa umri. Barua za Shaaban Robert za 1931 hadi 1958 zilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Lakini herufi za chapa hazionyeshi mkono, na mlinganishi hana budi kurejea karatasi zenyewe au picha zake. Mwigaji huchora polepole, na kalamu yake husita mahali ambapo mwenye jina hupita kwa mwendo mmoja. Wino wa maji ukitiwa juu ya karatasi iliyokwisha kuchakaa huelekea kusambaa; na wino ulioingia ndani ya tundu la mdudu waonyesha kwamba mdudu alitangulia.

Hasara ya sahihi ya uongo si ya mnunuzi peke yake. Ikiingia katika orodha ya maktaba, mwanachuoni atajenga juu yake urafiki usiokuwako kati ya mtungaji na msomaji. Kwa hiyo habari za kitabu ziandikwe wakati wazee wangali hai: nani alipewa, wapi, mwaka gani, mbele ya nani, nazo zipimwe kwa tarehe kama mengine. Ushahidi usipotosha, mwandishi wa orodha aandike kwamba nakala ina jina la mtungaji, asiandike kwamba mtungaji ndiye aliyelitia.