Programu zile zile, mikono mipya

Wadau, leo tuongelee kompyuta, ila kwa lugha ya Mchikichini.

Pale kwenye mitumba ya Karume, mmachinga akisogeza meza yake hatua mbili tu ameshaingia eneo la jirani, na ugomvi unaanza. Kwenye kumbukumbu ya kompyuta mambo ni hayo hayo. Kila kitu kina eneo lake. Programu ikiandika nje ya eneo hilo inaharibu vingine, na mhalifu akilijua kosa anapenya hapo hapo. Mwaka 2019 Microsoft walisema asilimia 70 hivi ya matundu ya usalama wanayoziba kila mwaka yanatokana na makosa ya aina hii. Lugha za C na C++ humwachia mwandishi alinde mipaka mwenyewe. Rust, iliyotoa toleo la 1.0 mwaka 2015, hukagua mengi ya makosa hayo kabla programu haijaanza kazi.

Sasa historia. Programu ndogo kama ls, ya kuorodhesha mafaili, na cp, ya kunakili, zilikuja na Unix kutoka Bell Labs, Marekani. Mwaka 1973 Unix yenyewe iliandikwa upya kwa C. Mwaka 1983 Richard Stallman akatangaza mradi wa GNU, na programu hizo zikaandikwa upya tena, safari hii ili ziwe huru: kwa leseni ya GPL, ukizibadili na kuzisambaza, lazima utoe na msimbo wake.

Mradi wa uutils ulianza kuziandika kwa Rust mwaka 2013. Oktoba 2025 Ubuntu 25.10 ikazipokea rasmi. Mwezi huo huo, kosa kwenye programu ya date likazuia baadhi ya mashine kutafuta masasisho zenyewe. Mipaka ililindwa, lakini mantiki ilikosewa. Rust haitibu hilo.

Kinachonigusa zaidi ni leseni. Uutils wanatumia MIT, inayoruhusu kampuni kuchukua msimbo, kuubadili na kuuza bila kuonyesha ilichobadili. Hapa kwetu, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Ungefungwa, tungesubiri mwenye kampuni atukumbuke.

Siipingi Rust. Ukuta imara nautaka, na mlango pia nautaka. Au nyie mnasemaje?